Kofia Kichwani mwa Debora

Gari la mitungi ya oksijeni lilikuwa likiteremka kuelekea Mvumi pale usukani ulipojikaza wenyewe mikononi mwa Yoramu Chilongani. Sauti ya gari ikamwambia, "Kifafa kinakuja. Naegesha." Gari likaacha barabara taratibu na kusimama majanini. Kiti kikalala, kikamgeuza ubavu. Ndipo mwili wake ukakakamaa na kuanza kutetemeka. Alipozinduka, mitungi yote ilikuwa salama, na watoto wa shule walikuwa wakipita wakiimba.

Kilichomwokoa kiliitwa kisomaubongo, kofia nyepesi yenye nyuzi zilizosikiliza umeme wa ubongo na kutambua kifafa kabla mwenyewe hajahisi lolote. Ndani ya Dodoma, jiji lililokuwa limekwisha kuimeza Chamwino, magari yalijiendesha juu ya lami yenye nyaya. Barabara za vumbi bado zilihitaji mikono ya mtu, na kofia ile iliwarudisha kazini madereva wenye kifafa.

Mhandisi aliyeibuni, Dkt. Leokadia Rutta, alikwenda nyumbani kwa Yoramu kumjulia hali. Debora, mkewe, alimkaribisha kiti.

"Hii kofia, daktari, inasema na nani?"

"Na gari tu, dada. Na sisi wa maabara."

"Basi Mungu akubariki. Alipokosa kazi, mume wangu alikuwa haniangalii hata usoni."

Mwaka uliofuata Baraza la Barabara la Jiji likataka lipashwe habari za kila kifafa. Atakayepatwa angenyang'anywa leseni mwaka mzima. Leokadia alibisha. Akaambiwa kwamba akikataa, kofia zitapigwa marufuku. Akakubali, akijiambia kuwa leseni hurudi, roho hairudi.

Kwa muda mrefu Yoramu hakupatwa. Kisha asubuhi moja, akinywa chai nyumbani, kofia ikiwa bado imetundikwa ukutani, kikombe kikamponyoka, macho yakaganda, akawa hayupo kwa kitambo. Debora alimfuta chai kifuani. Kesho yake akapanda naye garini.

"Nipe hiyo kofia."

"Ya nini, mama Elisha?"

"Nivae mimi. Gari likisoma kichwa changu litaona uzima. Nikikuona umebadilika, nitavuta breki."

"Afadhali nikae nyumbani."

"Umesahau ulivyokuwa ulipokaa nyumbani?"

Yoramu akampa.

Walisafiri hivyo majuma kadhaa, hata wauguzi wa zahanati wakazoea kuwaona wawili. Siku moja, kwenye kona juu ya korongo, Yoramu akaganda, mguu ukiwa umekandamiza mafuta. Debora aliita jina lake, akavuta breki kwa mikono miwili. Magurudumu yakateleza kwenye changarawe, gari likatumbukia korongoni.

Polisi walimwita Leokadia. Njia nzima alikuwa akitafuta akilini ni waya upi uliokatika. Alipofika akafunuliwa turubai, akaiona kofia kichwani mwa Debora.

Hospitalini, Yoramu alikuwa amekwisha kuambiwa kuwa mkewe amefariki. Alikuwa ameugeukia ukuta.

"Gari halikusimama, daktari. Kwa nini?"

"Lilikuwa likimsoma yeye," alijibu Leokadia. "Liliona hofu yake. Sisi hatukulifundisha kusimama kwa sababu ya hofu."

Baraza liliamuru kofia zifungwe kufuli la kumtambua mwenyewe. Leokadia aliwaomba waondoe adhabu ya leseni, maana ndiyo iliyowafundisha watu kuficha. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba ajali hii ndiyo iliyothibitisha umuhimu wa adhabu.

Alitoka kikaoni akaenda msibani. Wanawake walikuwa wamekaa mkekani wakichambua mchele. Mama mdogo wa Debora akamuuliza, "Wewe ni nani kwa marehemu, mwanangu?"

"Mimi ndiye niliyetengeneza ile kofia."

Mikono ikasimama juu ya nyungo. Hakuna aliyemtukana, wala aliyemkaribisha. Kisha mama yule akamsogezea ungo mmoja. Leokadia akaketi chini, akaanza kuchambua, na hakuna aliyesema naye hadi mazishi.