Viluwiluwi Katika Birika la Kanisa

Kijana yule alishuka kwenye ndege ndogo akiwa amevaa soksi nzito za sufu. Wanawake wote pale uwanjani walizicheka soksi zile.

"Miguu ya huyu itaiva kabla ya jioni," alisema mume wangu, Kautu.

Jina lake lilikuwa Fergus. Ndimi zetu hazina hiyo F, tukamwita Bekati. Alitoka Tasmania, ambako anasema asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa baridi. Misheni ilimleta kisiwani kwetu amsaidie shemasi Bauro, afundishe watoto na kutunza kanisa. Akakaa kwetu. Akalala kwenye kibanda chetu kisicho na kuta, kama sisi.

Sitamsema vibaya bure. Alikuwa na adabu. Akipita mbele ya watu waliokaa, aliinama bila kuambiwa. Katika maneaba, nyumba yetu ya mikutano, alikaa amekunja miguu mpaka ikafa ganzi. Alipojaribu kusimama alimwangukia mzee mmoja mapajani. Mzee akasema, "Karibu, mwanangu, lakini mimi nina mke." Tulicheka mpaka hotuba ikasahaulika.

Alikula magimbi yetu. Alijifunza kuoga kwa kopo moja la maji. Ila mbu walimshinda.

"Mama Terenga, mbu wa hapa hawalali?" aliniuliza asubuhi moja, akijipiga makofi miguuni. "Kwetu wanakuja jioni tu."

"Wanakungoja wewe," Kautu akamjibu. "Wamesikia damu ya Tasmania ni baridi kama soda."

Usiku alilala ndani ya chandarua. Kukicha alikikunja na kukiweka juu. Na sisi tulifanya vivyo hivyo. Tuliamini mbu wa mchana ni wa kuwasha tu.

Kitu kilichonikera kilikuwa birika.

Nyuma ya kanisa kulikuwa na birika la saruji, refu kufika kifuani, wazi juu. Lilikuwa la kubatizia. Alilijengesha msimamizi wa misheni, Bwana Pendry, anayekaa mji mkuu. Alisema ufuoni si mahali pa heshima kwa kazi ya Mungu. Sisi tumezungukwa na bahari pande zote. Ukirusha jiwe huku na huku linaingia majini. Lakini yeye alitaka birika.

Mvua yote ya paa la kanisa iliingia humo. Na kijijini hakuna paa jingine kubwa la bati. Basi mwaka ule mvua zilikatika. Visima vyetu vikawa na chumvi. Chai ikawa na chumvi. Na nyuma ya kanisa birika limejaa maji matamu, yanamngoja Bwana Pendry, na Bwana Pendry anaahirisha safari.

Siku moja nilichukua ndoo nikaenda. Bekati akanizuia.

"Samahani, mama. Bwana Pendry amesema yasiguswe. Yameshaombewa."

"Na mimi nimeshaombewa," nikamwambia. "Nipishe."

Hakunipisha. Uso ulimwiva kwa aibu, lakini alisimama palepale. Nilirudi na ndoo tupu, huku nikisema maneno ambayo shemasi Bauro aliniomba nisiyarudie.

Kisha mjukuu wangu Rereao akaugua.

Mtoto huyu alikuwa ameanza shule mwaka ule, na ni mchezaji asiyetulia. Alirudi nyumbani mchana akalala bila kuambiwa. Mwili ulikuwa moto. Alisema macho yanamuuma kwa ndani. Alisema mifupa inamuuma. Nilipomgusa goti alilia.

Bekati alileta mkoba wake wa dawa. "Hii ni aspirini, mama. Mama yangu hunipa nikiumwa kichwa."

Tukampa. Tukampa tena kesho yake. Baadaye homa ikashuka, nasi tukafurahi. Kautu akaenda kuvua akiimba. Lakini mtoto hakuinuka. Alishika tumbo. Alitapika kila alichokunywa. Kisha damu ikaanza kumtoka puani, nyembamba, haikomi.

Nilipiga ukelele. Jirani akapanda baiskeli kwenda zahanati, upande wa pili wa kisiwa. Muuguzi, Nei Oreta (Nei kwetu ni kama Bibi), alikuja na pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakusalimia mtu. Alimwangalia mtoto fizi, akamgusa tumbo, akamminya ngozi.

"Mmempa nini?"

Bekati akamwonyesha kile kipakiti. Nei Oreta alikitazama, kisha akamtazama yeye.

"Nani kakwambia wewe ni daktari?"

"Nilitaka kusaidia."

"Sikiliza. Na wewe, Nei Terenga, sikiliza, maana mikono iliyompa ni yako. Hii ni dengi, kidingapopo. Mwenye dengi damu yake tayari ni rahisi kutoka. Aspirini inaizidisha. Na dawa nyingine za maumivu, kama ibuprofeni, ni vilevile. Anayeumwa homa apewe parasetamo, kwa kipimo cha umri wake, basi. Na anywe. Maji, maji ya dafu, uji mwepesi, kidogo kidogo, mara kwa mara."

"Lakini homa ilishuka," nikasema. "Tulijua amepona."

"Hapo ndipo pa hatari! Homa ikishuka ndipo umwangalie zaidi. Tumbo kumuuma sana, kutapika mfululizo, damu puani au kwenye fizi, kulegea au kuhangaika. Ukiona hata moja, usingoje. Lete zahanati."

Tulimpakia Rereao kwenye lori la ushirika. Nei Oreta alimtundikia dripu. Nilikaa chini kando ya kitanda. Sikuweza kuomba. Nilikuwa na hasira nyingi mno. Kwa mbu, kwa kipakiti kile, kwa mikono yangu.

Bekati alikuja kwa miguu, jua la utosi, amebeba madafu begani. Aliyaweka mlangoni akasimama. Hakujua kama aingie.

"Ingia," nikasema. "Ukisimama hapo unanizibia upepo."

Aliketi. Hakutoa udhuru hata mmoja. Alimnywesha mtoto kwa kijiko, taratibu, bila kuchoka. Nei Oreta alikuwa akija na swali moja tu: "Amekojoa?" Rereao alipokojoa vizuri, muuguzi yule mkali alicheka kwa mara ya kwanza. "Haya. Mtoto amerudi kwenu."

Lakini hakucheka kwa muda mrefu. Siku ileile waliletwa watoto wengine wawili, wote kutoka kijiji chetu.

"Wote kwenu," alisema. "Sasa nataka kuona mbu hawa wanazaliwa wapi."

Alikuja akapita nyumba kwa nyumba, kikombe cheupe mkononi. Kwangu alikuta vifuu vya nazi na kopo la rangi lenye maji kidogo ya umande na manyunyu ya juzi. Alivimwaga mbele ya majirani.

"Mbu wa dengi hapendi matope," alieleza. "Anapenda maji safi yaliyotulia, karibu na watu. Na anauma mchana, asubuhi na alasiri hasa. Akimuuma mgonjwa, baada ya siku chache anampa ugonjwa mwingine. Ndiyo maana mgonjwa alale ndani ya chandarua hata mchana."

Bekati akajitazama miguu yake, imejaa alama.

Kisha Nei Oreta akafika nyuma ya kanisa. Alichota kikombe kimoja kutoka kwenye birika akakinyoosha juani. Tukachungulia. Vidudu vyembamba vilikuwa vikipinda na kunyooka, vinapanda na kushuka. Viluwiluwi. Kikombe kizima kilikuwa kinacheza ngoma.

"Hapa ndipo nyumbani kwao," alisema. "Mwageni leo. Kisha sugueni kuta, maana mayai hushika ukutani. Birika likikauka hayafi. Yanangoja maji yarudi."

Shemasi Bauro alikuna kichwa. Ni mtu mwema, lakini anaogopa hata kivuli cha barua kutoka mji mkuu. "Lazima tumuulize Bwana Pendry."

Wakampigia simu. Bekati aliiweka kwenye spika ili wote wasikie. Bwana Pendry anaijua lugha yetu vizuri. Hilo ndilo lililoniuma zaidi: aliyoyasema aliyasema akijua tunaelewa.

"Yasiguswe," alisema. "Nakuja kubatiza. Mnataka nibatize watu kwenye mavumbi?"

"Bwana, watoto wanaugua," Bekati akasema. "Mmoja nusura afe."

"Kijana, visiwa hivi vimekuwa na homa tangu zamani. Watu hawa wamezoea. Wewe ni mgeni, ndiyo maana unashtuka."

Wamezoea! Nilisikia damu inanipanda. Nilimnyang'anya Bekati simu.

"Bwana Pendry, mimi ni Nei Terenga. Tumezoea nini? Tumezoea kuzika watoto? Njoo unionyeshe mama mmoja aliyezoea. Tumekunywa maji ya chumvi tukiyatazama maji yako, tukanyamaza kwa heshima. Kumbe ulikuwa unatufugia mbu! Umewapa mbu maji matamu, ukatunyima sisi!"

"Mama, punguza sauti..."

"Sipunguzi! Mjukuu wangu ametoka damu. Wewe umetokwa na nini?"

Bauro alifumba macho. Wanawake nyuma yangu walikuwa wakiguna, "Mwambie! Mwambie!" Bekati alinyoosha mkono taratibu akaichukua simu. Nilidhani anataka kuomba radhi kwa niaba yangu.

"Bwana," alisema, "mimi ndiye niliyelilinda birika hili. Nilimzuia huyu mama kuchota. Sasa nalifungua. Ukitaka kunirudisha nyumbani, nirudishe, lakini utalikuta tupu."

Akakata simu. Akavua shati, akaingia ndani, akapapasa chini na kung'oa kizibo kwa mikono yote miwili.

Hatukuyaacha maji yapotee. Watu walikuja na ndoo, beseni, hata sufuria za harusi. Tulichuja kwa kitambaa. Mengine tulifulia, mengine tulimwagilia miti ya shelisheli, na ya kunywa tulichemsha. Nilipoonja chai isiyo na chumvi, hasira ilinipanda upya. Kumbe ilikuwepo muda wote, hatua chache kutoka mlangoni kwangu!

Birika lilipokauka, Bekati na vijana walisugua kuta kwa brashi na mchanga. Watoto walipita kijijini wakipindua vifuu na makopo. Tangu hapo wanafanya hivyo kila Jumamosi, wakishindana. Chandarua sasa hakikunjwi kama kuna mgonjwa.

Bwana Pendry alikuja. Alishuka kwenye ndege na viatu vyeupe, akaenda moja kwa moja nyuma ya kanisa. Alichungulia birika tupu.

"Funga mizigo yako," akamwambia Bekati. "Hujui utii."

Bekati akainamisha kichwa akaelekea kibandani. Hapo shemasi Bauro, yule yule mwoga, akasimama njiani.

"Bwana, akiondoka yeye, nani atafundisha watoto wetu? Mimi nimemaliza darasa la tano tu. Na wanaotaka kubatizwa wanakungoja."

"Wananingoja wapi? Hakuna maji!"

Bauro akanyoosha kidole ufuoni. Watu walikuwa tayari wamesimama baharini, maji hadi kiunoni, nguo nyeupe zinaelea, wanaimba. Bibi mkongwe kuliko wote alikuwa mbele kabisa, kashikwa mikono na wajukuu.

"Bwana Pendry!" akapaza sauti. "Fanya haraka, maji yanakupwa! Na mimi pia!"

Kijiji kizima kilicheka. Bwana Pendry hakucheka. Alisimama, akatazama birika, akatazama bahari. Kisha akaketi juu ya gogo la mnazi na kuanza kufungua kamba za viatu vyake. Hakusema amekosea. Watu wa namna ile hawasemi. Lakini aliingia majini, akabatiza mpaka wa mwisho, na jioni alipanda ndege bila Bekati.

Mvua zilirudi. Kautu na Bekati walilifunika birika kwa mabati, wakaziba mdomo wa bomba la paa kwa wavu mwembamba usiopitisha mbu, wakatia mfereji wa kuchotea maji chini. Sasa ni tangi la kijiji kizima. Nei Oreta huja na kikombe chake cheupe kulikagua. Tangu tulifunike, hakuna mtoto wa kijiji chetu aliyelazwa kwa dengi. Wale watoto wengine wawili walipona. Rereao amerudi kukimbia, na hasikii akiitwa.

Watu husema nimsamehe Bwana Pendry. Nitamsamehe, labda, siku moja. Lakini najua kuna visiwa vingine vyenye birika, pipa au tangi la maji lililoachwa wazi kwa sababu mkubwa fulani amesema lisiguswe. Wewe unayesoma, usingoje ruhusa ya mkubwa. Chukua kikombe cheupe, uende ukachote, ukitazame juani.