Taa za Pikapu ya Masalu

Pikapu ya Masalu ilikuwa kuukuu, lakini iliwalisha. Asubuhi alibeba mahindi ya watu kutoka Kasekese kwenda sokoni Mpanda. Jioni alirudi na sukari, sabuni na yeyote aliyeomba lifti. Mara nyingi mkewe, Lucia, alikuwa naye.

Siku moja ng'ombe alikatiza barabara, akavunja taa zote mbili za mbele. Masalu hakutaka kusubiri. Alinunua taa za mtumba zilizong'olewa kwenye gari lililotoka Burundi. Zilikaa sawasawa, na zikawaka vikali. Majirani walizisifu, naye akavimba kichwa kidogo.

Kwenye barabara ile madereva husalimiana kwa kupiga fulu, yaani kuwasha taa kali mara moja na kuzizima. Tangu afunge taa zile, Masalu alipata salamu nyingi mno. Naye, kwa kuwa ni mtu wa watu, alizijibu zote. Lucia alimtania kwamba sasa anajulikana kuliko diwani.

Kumbe hazikuwa salamu. Watu walikuwa wakiumia macho.

Jioni moja, karibu na kalavati, Masalu na Lucia walikutana na bodaboda. Iliwapigia fulu, Masalu akajibu, wakapishana. Habari iliwafikia asubuhi. Dereva wa bodaboda ile alikuwa Celestin, mdogo wake Lucia. Alitumbukia mtaroni, akafa palepale.

Abiria wake, Evaline, alivunjika mkono. Ndiye aliyesimulia matangani. Alisema mwanga uliwajia usoni, Celestin akapiga fulu kumwomba mwenye gari apunguze, akaongezewa. Pikapu aliitambua ilipowapita.

"Nilidhani ananisalimia," Masalu alisema.

Lucia alimchukia mumewe, akamhurumia, kisha akajichukia mwenyewe kwa ule utani wake. Maji yalishamwagika. Matanga yalipokwisha alisema, "Baba Kelvin, gari hilo silipandi tena. Na wewe usiliwashe taa mpaka tujue zina nini."

Walimwita Didace, fundi wa jirani. Giza lilipoanza kuingia, aliliegesha gari mbele ya ukuta wa ghala, akawasha dimu, ile taa ya chini ya kupishania. Ukutani, mwanga ulipanda juu upande wa kulia.

"Mnaona?" Didace alisema. "Sisi tunaendesha kushoto. Dimu inatakiwa iinuke kushoto, imulike waendao kwa miguu. Kulia ikae chini, maana huko ndiko anakotokea mwenzako. Burundi wanaendesha kulia, taa zao ni kinyume. Kwao ni nzuri. Hapa zinampofusha mtu."

Lucia aliuliza kama haziwezi kushushwa kidogo. Didace alisema haitoshi, taa yenyewe imeundwa hivyo. Aliwashauri watafute taa zote mbili za gari la aina ileile, zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kushoto. Wazijaribu ukutani kabla ya kuingia barabarani. Wasiweke balbu kali kuliko inayotakiwa. Tena wazipime gari likiwa na mzigo, kwa sababu magunia yakikaa nyuma, pua huinuka na mwanga nao huinuka.

"Na ukipigiwa fulu," alimalizia, "punguza taa kwanza. Salamu baadaye."

Taa zikapatikana, zikafungwa, zikapimwa ukutani. Masalu akapakia magunia. Lakini Lucia hakuridhika na ukuta. Alitaka waende kwenye kalavati usiku. Alitembea kwa miguu mbele ya gari, akasimama upande ule aliokuwa akipita mdogo wake.

"Washa," alisema.

Mwanga ulikuja, ukakaa chini. Lucia aliona changarawe, majani, na ukingo wa mtaro. Aliuona hata msalaba mdogo walioweka pale.

"Barabara naiona," alisema. "Celestin naye angeiona."

Masalu alizima gari, akashuka. Walilia pamoja, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Siku hizi Lucia hupanda tena pikapu. Jioni magari hupishana nao kimya, na ni mara chache mtu huwapigia fulu. Ikitokea, mkono wa Masalu hukimbilia swichi ya dimu kabla ya jambo lingine lolote.