Mfadhili wa Nyuma ya Mchanga

Shabashi ya kwanza ilitoka upande usiokuwa na mtu.

Wavulana wa kwaya ya Bhungar Khan walikuwa katika mazoezi ya asubuhi, mahema yao nyuma, jangwa tupu la Thar mbele, na walipomaliza wimbo wa pili sauti ya mwanamume ikasema kutoka nyuma ya kilima cha mchanga, "Shabashi," taratibu, kama mtu aliyeshiba.

"Huyo ni ngamia," akasema Dinu, mtoto asiyeweza kuacha neno lipite bila kulichokoza. "Kamsikia Barkat, kadhani ndugu yake anaumwa tumbo."

Wenzake wakacheka. Barkat, mtoto wa Bhungar, hakucheka. Aliweka mkono kifuani, akauelekea mchanga, akauliza kwa adabu kama alivyofundishwa: "Bwana, nyumba yako idumu. Wewe ni mwana wa nani?"

Ndiyo kazi ya Wamanganiyar, waimbaji wa kurithi wa jangwa hilo. Mtu akiusifu wimbo wako unamwuliza nasaba. Akikutajia unaiimba, na tangu hapo yeye ni mfadhili wako na wanawe ni wafadhili wa wanao. Katika hoteli za mahema walikokuwa wakitumbuiza msimu ule hakuna aliyehitaji nasaba. Wageni walitafuna kuku na kupiga picha, meneja akawaambia wanasikiliza sauti ya karne na karne, na wimbo wenyewe ulikuwa wa sinema. Lakini Barkat aliyachukulia mambo haya kwa moyo wote.

Hakujibiwa. Ilikuja harufu tu, ya mvua inapogusa vumbi, na mbinguni hapakuwa na wingu hata la kusingizia. Bhungar alipanda kilima akatazama. Mchanga ulikuwa laini, bila alama ya mguu. Alirudi akasema ni upepo. Kesho yake wakubwa wa tamasha walikuwa wanakuja kutoka mji wa Jodhpur kuchagua kwaya ya kwenda ng'ambo, na kwaya yake ilisimama juu ya sauti ya Barkat. Wiki ile sauti hiyo ilikwaruza mara mbili. Mtoto alikuwa anabaleghe, sauti karibu ivunjike, na Bhungar alizisikia zile kwaruzo kama mtu asikiavyo boriti ikilia juu ya kitanda chake.

Adhuhuri, wavulana wakiwa wamelala kivulini, mjomba Sakar, mpiga ngoma na mpishi wao, alimjia na unga wa mtama mikononi.

"Bhungar. Mwanao yuko juani, anaimba."

"Anajitahidi. Mwache."

"Mpwa wangu," akanong'ona mzee, "kile si kitu tulichomfundisha."

Barkat alikuwa ameketi juu ya kilima, ameelekea kichaka cha miiba, akiimba nasaba kana kwamba hatimaye ametajiwa: fulani mwana wa fulani, mwana wa fulani. Sauti yake ilikuwa safi kupita siku zote, haina kwaruzo hata moja, na kwa kitambo Bhungar alisimama akaifurahia. Kisha akayasikiliza majina. Hayakuwa ya Kirajputi wala ya Kisindhi kama ya wafadhili wao, hayakuwa ya mtu yeyote, na yalifuatana bila pumzi kati yake, jina likizaa jina, huku inzi wakitembea juu ya macho ya mtoto nayo hayapepesi, na midomo yake ikipasuka na kuendelea, na maji aliyomiminiwa na Sakar yakitoka tena pembeni pamoja na majina, na ile harufu ya mvua ikizidi kuwa nzito hadi ikawa kama kuvuta hewa ndani ya kisima.

"Nasaba ya mtu inakomea kwa Adam," Sakar akasema. "Hii imeshampita. Haina mwisho hii. Ataimba mpaka afe."

Bhungar aliijua njia moja tu. Mfadhili asiyetoa zawadi anaweza kutalikiwa na mwimbaji wake, kwa kufukia nyuzi na kilemba mlangoni pake. Alipiga magoti karibu na kichaka.

"Bwana, mwanangu amekuimbia. Umempa nini?"

"Sauti yake," ikajibu ile sauti, karibu mno, iliyoshiba. "Nitaishika. Haitavunjika."

Bhungar alikuwa na neno moja la kusema. Kinywa chake kikasema jingine.

"Miaka mingapi?"

Sakar aligeuka akamtazama.

"Yote," ikasema sauti.

Tone la damu lilidondoka kutoka mdomo wa Barkat, naye hakunyamaza. Hapo Bhungar akakimbia hemani, akarudi na kamaicha, zeze alilorithi kwa babu yake, akazikata nyuzi zake za utumbo wa mbuzi kwa kisu cha vitunguu. Akavua kilemba, akafukua chini ya kichaka kwa kucha, akazifukia nyuzi pamoja nacho.

"Nakutaliki. Mimi na wanangu na watakaozaliwa. Hatukuimbii. Jina lako halimo vinywani mwetu."

Mchanga wa chini ulikuwa baridi, umelowa, na ulizipokea nyuzi kwa kuzivuta, polepole, kama mtu anayekunja uzi kidoleni. Bhungar akaachia mara moja kabla haujamfikia mkono.

Barkat akaanguka kifudifudi. Harufu ya mvua ikakatika, likabaki joto na mkate wa Sakar unaoungua.

Walimweka kivulini, mzee akimdondoshea maji kwa kitambaa. Jua lilikuwa limeshuka sana alipofumbua macho. Bhungar, kichwa wazi, akamshika mkono.

"Pumzika, baba. Kesho ataongoza Dinu. Yamekwisha."

Sauti iliyomtoka mtoto ilikuwa nzito, ya mwanamume kamili. Ilikuwa imevunjika yote kwa siku moja.

"Ulipomwuliza miaka mingapi," akasema, "angetaja mingapi ndiyo ukubali?"