Chumba cha Bibi Mara Nne

Kila siku akitoka shule, Chapuchapu alitupa begi kitandani, akala kilichokuwepo, kisha akakimbilia alikokuwa shangazi yake, fundi wa vigae. Nyumbani walimpa jina hilo kwa sababu swali halijaisha, jibu limeshamtoka.

Wiki hiyo shangazi alifanya kazi nyumbani kwao. Bibi alikuwa anarudi kutoka hospitalini akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na sakafu ya saruji ilijaa mashimo. Chumba cha bibi kilikuwa tayari. Ilibaki sebule.

"Mwanangu," shangazi alisema, "chumba cha bibi kimekula vigae thelathini. Sebule ni mara mbili kwa urefu, na mara mbili kwa upana. Tunahitaji vingapi? Mwenye duka anasubiri simu yangu. Ndivyo vya mwisho, na kuna mteja mwingine anavikodolea macho."

"Sitini!"

"Umehakikisha?"

"Ndiyo, shangazi."

Wapi! Hakuwa amehakikisha chochote. Shangazi alipokwenda kutafuta simu, Chapuchapu aliitazama tena sebule. Je, bibi akikwama katikati ya sebule? Akapima chumba cha bibi kwa hatua, akachukua chaki, akachora kwenye kona ya sebule mstatili wenye ukubwa wa chumba cha bibi. Akachora wa pili kando yake, akagota ukutani. Lo! Nusu nzima ya sebule bado ilikuwa tupu. Akachora wa tatu, na wa nne. Sebule ikajaa, haikubaki hata nafasi ya kuweka kiatu.

Kumbe! Miaka yote alikuwa akikanyaga vyumba vinne vya bibi bila kujua.

"Shangazi, usipige! Nimekudanganya, sikuhakikisha. Ni mia moja na ishirini!"

Shangazi aliitazama ile michoro, akacheka mpaka akashika kiuno. "Sasa ongeza kimoja kwa kila kumi, maana vingine hupasuka."

Safari hii Chapuchapu alihesabu kwanza. "Mia moja thelathini na viwili."

Kigae cha mwisho kiliingia mahali pake mlangoni pasipo kusukumwa. Bibi alipofika, magurudumu yaliteleza kimya mpaka dirishani.

"Hii ni sakafu au maji?" bibi alishangaa. "Mmetumia vigae vingapi?"

Jibu lilimfika Chapuchapu mdomoni, akalizuia. "Ngoja nihesabu vilivyobaki, bibi."

Shangazi alimshika bega. "Umeona? Haraka haraka haina baraka. Lakini kukosea si aibu, mwanangu. Aibu ni kujua umekosea ukanyamaza. Ungenyamaza, bibi yako angeishia pale katikati."

Chapuchapu alipatazama pale katikati, akaenda kuhesabu.