Saini Niliyomwekea Honorata

"Saini hapa, mama. Huyu hasikii, wewe ndiye msemaji wake."

Nesi Blandina alinisukumia karatasi. Tulikuwa hospitali, Same mjini. Binti yangu Honorata, kiziwi tangu alipougua surua akiwa mdogo, alikuwa kitandani anasubiri kupasuliwa ajifungue, uchungu umekwama. Nikasaini bila kusoma. Nesi ni nesi.

Loth, mkulima wa tangawizi kule kwetu Myamba, alisimama mlangoni na matope ya shambani kwenye mabuti.

"Nesi, mbona hujamuuliza mwenyewe?"

"Nimuulize kwa vidole? Kwanza wewe ni nani yake?"

"Baba wa mtoto."

"Barua ya posa ulipeleka?"

Loth akaniangalia. Barua alileta mara mbili, nikairudisha mara mbili. Nilidhani anamchezea mwanangu.

Honorata akaivuta karatasi, akaisoma kidole kikifuata mstari. Akashika simu. Yangu ikalia.

"Mama, wameandika kufunga kizazi. Umekubali nisizae tena?"

Nikamgeukia Blandina.

"Nesi, kufunga kizazi kasema nani?"

"Tunawasaidia, mama. Kiziwi atalea wangapi? Na huyo kijana atamkimbia tu."

Honorata, aliyekuwa akisoma midomo ya nesi, akaandika tena; simu ya Loth nayo ikalia. Akasoma kwa sauti:

"Kama unakimbia, kimbia sasa. Mimi kufungwa kizazi sikubali."

Loth akacheka, machozi yanamtoka, akamjibu kwa mikono.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza.

"Kwamba nipo mpaka anichoke, mama."

Nikaichana karatasi.

"Lete nyingine, ya upasuaji peke yake. Atasaini mwenyewe."

"Mama, unamchelewesha mgonjwa."

"Basi kimbia, kamwite daktari."

Daktari akaja, akamwandikia maswali. Honorata akajibu yote, akasaini. Kabla ya saa sita mchana mjukuu wangu Irine alikuwa analia, sauti hadi nje.

Nikamfuata Loth kwenye benchi.

"Ile barua, baba, bado unayo?"

"Niliandika ya tatu. Iko mfukoni, ila imeingia tope."

"Lete hivyo hivyo."

Wazazi wenzangu, karatasi ya hospitali mpeni mwenye mwili aisome. Mimi nilibakiza kidogo tu nimfunge mwanangu kwa mkono wangu.

Jumapili ndoa ya Honorata na Loth imetangazwa kanisani mara ya pili. Kadi ya nesi Blandina kaiandika Honorata mwenyewe:

"Karibu harusini. Usiogope, utawekewa mtu wa kukutafsiria."