Chumba Kisichonuka

Rotorua, mji wa chemchemi za moto, unanuka mayai viza usiku na mchana, na waliozaliwa pale hawaisikii harufu hiyo mpaka ikosekane. Mereana, fundi wa vigae, aliikosa asubuhi moja, alipoingia chumba cha spa ambamo jana yake alivunja zege kuchimba tundu la kutolea maji. Akatoka mlangoni, harufu ipo. Akaingia, haipo. Akaendelea na kazi.

Chumba kilikuwa kinaandaliwa kufungwa bafu la kulalia: kitanda chini, juu yake bomba refu lenye vichwa vingi vya kunyunyiza. Sakafu ilitakiwa iinamie tundu, ipakwe utando wa kuzuia maji, ndipo vigae vifuate. Kwao Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, ardhi haivunjwi kabla haijaombewa. Lakini bosi alitaka maombi yangoje siku ya ufunguzi, wapiga picha wakiwepo, na Mereana alishachoka kubishana.

"Umepasua bila dua?" alinong'ona binti yake Ngaio, mkandaji wa hapo. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla ya hiyo ziliharibika.

"Wataomba baadaye."

"Baadaye ya nini, Mama?"

"Usiingie humo, basi. Mdomo kama wa baba yako."

Utando ulipokauka, Mereana aliziba tundu na kujaza maji sakafuni, aone kama yanavuja. Aliporudi mchana, maji yalikuwa yamehama. Yalikuwa yamepanda mwinamo na kujikusanya kwenye kona ya juu, yakitetemeka, na alipoyagusa yalikuwa na joto la mwili wa mtu, ilhali bomba la moto lilikuwa bado halijaunganishwa. Kutoka kwenye kona ile nyayo za maji, ndogo, za miguu mitupu, zilitoka mlangoni na kushika ukumbi, zikipita mapokezi, zikipita taulo zilizokunjwa, zikifuka mvuke moja baada ya nyingine, mpaka kwenye chumba cha kupumzikia wafanyakazi, ambako Ngaio alikuwa amelala chali, blauzi imelowa tumboni, mahali pamoja tu, kwa umbo la kiganja.

Shangazi Parehuia, mwenye dua za ukoo, alipopigiwa simu alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya udobi, aproni bado kiunoni. Hakumsalimu mtu. Alisoma dua kwa sauti ya chini, akinyunyiza maji ukuta kwa ukuta, mpaka jasho likamtoka. Mereana alipochomoa kizibo, maji yaliteremka tunduni kama maji yoyote, na uvundo wa mji ukaingia.

"Ameondoka?" aliuliza Mereana.

"Ametoka chumbani." Shangazi alifuta mikono kwenye aproni. "Nimemwambia hapa si pake. Hakubisha hata kidogo. Hilo ndilo silipendi."

Walipoingia garini kurudi nyumbani, Ngaio alichukua mkono wa mama yake, akauweka tumboni.

"Kaamka, Mama. Sikia anavyocheza mpira."

Teke likaja chini ya mbavu za kulia. Mereana akaanza kutabasamu. Lingine likaja kushoto, papo hapo, kisha yote mawili kwa pamoja, kama watu wanaogombea nafasi. Picha ya hospitali ilionyesha mtoto mmoja.

"Mzima, eti?"

"Mzima," alisema Mereana, asiondoe mkono.

Wale wawili tumboni walisukumana hivyo kitambo. Halafu upande mmoja ukatulia kabisa, na wa pili ukaendelea kucheza, taratibu, na Mereana hakujua ni nani aliyetulia.