Kiatu Changu cha Kushoto

Pasipoti zetu zote mbili zilikuwa chini ya godoro la binti yangu!!

Na si pasipoti tu. Kiatu changu cha kushoto. Kiatu cha kushoto cha mume wangu, Tullio.



Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Mimi ni Ornella, nina saluni Bergamo, Italia, na mdomo wangu hauna breki. Baada ya miaka tisa ya kuhangaika tukakubaliwa kuasili ndugu wawili huko Colombia: Yeimi, miaka kumi na moja, na mdogo wake Danna, miaka sita. Tukapanga nyumba Bogotá, tuishi nao wiki moja. Siku ya saba Bi Marleny wa ustawi wa jamii angekuja kuuliza: tunaendelea mahakamani, au basi?

Siku ya kwanza Yeimi alinikimbilia mbele za watu.

"Mama!"

Tullio akaangua kilio. Mimi nikashtuka. Mtoto gani anakuita mama dakika ya kwanza? Sawa, tulishawatumia albamu ya picha zetu, na walezi wao waliwaonyesha kila siku. Alijua mpaka jina la mbwa wetu. Lakini roho yangu ikaniambia, huyu anatuigizia.

Vituko vikaanza. Siku ya pili, kiatu changu kimoja hakionekani. Siku ya tatu, cha Tullio. Nikienda kuoga, Yeimi kakaa nje ya mlango wa bafu! Tukiacha Kihispania tukaongea Kiitaliano, katukodolea macho tu.

"Huyu mtoto anatuchunguza," nikamwambia Tullio.

"Ornella, acha hizo. Ni mtoto!"

"Kwa hiyo kiatu kimepaa chenyewe?"

"Labda umekisahau Bergamo."

"Nimepanda ndege na kiatu kimoja?!"

Siku ya sita asubuhi, Tullio yuko jikoni na Danna, wanachoma arepa, zile chapati zao za mahindi. Nikasema natoka kidogo, nakwenda kununua mkate.

Yeimi akabadilika sura. Akasimama mlangoni, mikono kaitanua.

"Mkate upo, Mama."

"Nataka mwingine. Nipishe."

"Sikupishi."

Haa! Nikasema leo ni leo. Nikaingia chumbani kwao, nikainua godoro... mengine mnayajua.

"Mwizi mkubwa wewe!"

Neno likatoka. Tullio akaja mbio, mikono imejaa unga.

Yeimi hakulia. Aliingiza mkono kwenye begi lake, akatoa albamu. Si yetu! Mwanamke mwingine, mwanaume mwingine, paka badala ya mbwa.

"Hawa nao niliwaita Mama na Baba," akasema. "Siku ya sita wakasema wanakwenda kununua mkate."

"Wakarudi saa ngapi?" Tullio akauliza.

"Hawakurudi."



"Mtu hawezi kusafiri na kiatu kimoja," Danna akatueleza taratibu, kama anayefundisha watoto wagumu kuelewa.

Sasa mniseme mnavyotaka, kwa sababu kuna jambo nimewaficha. Hamjajiuliza asubuhi ile nilikuwa natoka kufanya nini? Begi langu lilikuwa limeshafungwa, limefichwa nyuma ya kabati la mlangoni. Pasipoti nilishaitafuta tangu alfajiri, nikaikosa, nikasema nitajua mbele kwa mbele. Hakukuwa na mkate wowote. Nilikuwa naondoka!!

Tullio, mume wangu kwa miaka kumi na nne, hakujua. Yeimi alijua.

Nikapiga magoti. Nikamwekea pasipoti zote mbili mkononi.

"Kaa nazo wewe, na viatu pia. Nimekukosea, mwanangu. Niliogopa."

"Hata mimi naogopa," akasema.

Tukaenda wote wanne kununua mkate, mimi na Tullio na ndala zetu. Njiani nikamwambia mume wangu kila kitu. Hakunisemesha mpaka jioni, na nilistahili.

Kesho yake Bi Marleny akafika, karatasi mkononi.

"Haya, tunaendelea?"

"Muulize Yeimi," nikamjibu. "Pasipoti anazo yeye."

Yeimi akamtazama Bi Marleny, akanitazama mimi.

"Tunaendelea," akasema.

Wewe unayejiandaa kuasili mtoto mkubwa, nisikilize mimi niliyeaibika. Ukianza kumshuku, ujue yeye alianza kukushuku zamani, na sababu anazo kuliko wewe. Usimdai akuamini kwa wiki moja.

Mimi nilisubiri miezi minane. Asubuhi moja, Bergamo, nikakuta kiatu changu cha kushoto mlangoni, kimewekwa pembeni ya mwenzake. Yeimi alikuwa mezani anakunywa maziwa, hata hakugeuka.